Kusajili Muundo wa Bidhaa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Sheria za kusajili miundo hutofautiana nchi hadi nchi, lakini misingi yake inafanana sana. Majibu haya yanaeleza misingi hiyo, na pale nchi zinapoachana tumesema wazi ni nchi ipi inafanya nini.

## Mambo ya msingi

Muundo wa bidhaa ni kitu gani mbele ya sheria?

Ni mwonekano wa bidhaa nzima au wa sehemu yake: umbo, mistari, kingo, rangi, nakshi, namna uso wake ulivyo laini au wenye michirizi. Kiti, chupa, soli ya kiatu, taa, kitambaa chenye urembo, kifungashio, hata mpangilio wa vitufe kwenye skrini ya simu, vyote vinaweza kusajiliwa. Sheria haiulizi kama kitu kinapendeza. Inauliza kinaonekanaje, na kama mwonekano huo ni mpya.

Wazo tupu halisajiliwi, wala namna bidhaa inavyofanya kazi, wala malighafi yake, wala njia ya kuitengeneza. Huwezi kusajili "kiti kinachokunjwa". Unaweza kusajili kiti fulani kinachokunjwa, chenye miguu iliyopinda hivi na mgongo uliochongwa vile, kama kinavyoonekana kwenye picha ulizowasilisha.

Kuna tofauti gani na hataza, alama ya biashara na hakimiliki?

Chukua chupa moja. Kizibo kilichobuniwa kisivuje kinahitaji hataza, yaani haki ya uvumbuzi. Umbo la chupa linasajiliwa kama muundo. Jina lililoandikwa juu yake ni alama ya biashara. Mchoro wa lebo unalindwa na hakimiliki. Haki zote nne zinaweza kukaa kwenye chupa hiyo hiyo, na kila moja ina masharti yake na muda wake.

Tofauti ya muda ndiyo inayoumiza wasioijua. Chupa maarufu ya Coca-Cola ililindwa Marekani kama muundo mwaka 1915, na ulinzi wa aina hiyo huisha. Kilichoifanya ibaki mali ya kampuni hadi leo ni kwamba umbo lenyewe lilikuja kusajiliwa kama alama ya biashara mwaka 1960, baada ya wanunuzi kulizoea kiasi cha kuitambua bidhaa kwa umbo peke yake. Alama ya biashara inaweza kuhuishwa bila kikomo. Muundo hauwezi.

Nisiposajili, sina haki yoyote?

Inategemea nchi. Umoja wa Ulaya unatoa ulinzi wa miaka 3 bila usajili, kuanzia siku muundo ulipoonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza ndani ya Umoja huo. Uingereza nayo ina haki zake zisizohitaji usajili. Lakini haki hizi humzuia tu aliyenakili, kwa hiyo ni lazima uthibitishe kwamba alinakili kutoka kwako. Aliyebuni umbo linalofanana bila kukuiga hana kosa. Muundo uliosajiliwa kwa kawaida humzuia hata huyo. Katika nchi nyingi, bila usajili unabaki na hakimiliki tu, nayo mara nyingi haifiki kwenye vitu vya matumizi ya kila siku.

## Masharti ya kusajiliwa

Muundo unatakiwa kutimiza masharti gani?

Mawili makubwa: uwe mpya, na uwe na upekee wake. Marekani wanalitaja sharti la pili kwa namna nyingine, kwamba muundo usiwe jambo ambalo mbunifu wa kawaida wa fani hiyo angelifikia kwa urahisi. Juu ya hayo kuna makatazo, nayo yameelezwa chini ya maswali ya kazi ya bidhaa, sehemu zisizoonekana na vitu visivyosajiliwa kabisa.

"Mpya" maana yake mpya wapi?

Karibu kila mahali, mpya duniani. Bidhaa iliyouzwa nchi nyingine miaka 20 iliyopita inaweza kuua ombi lako leo. Umoja wa Ulaya unaacha mwanya mdogo kwa miundo ambayo wataalamu wa fani hiyo wanaofanya kazi ndani ya Umoja wasingeweza kuijua kwa njia za kawaida, lakini kwa jinsi intaneti ilivyoenea, mwanya huo usiutegemee.

Tofauti ndogo ndogo haziokoi. Ukibadilisha skrubu mbili na kuacha kila kitu kama kilivyokuwa, muundo unahesabiwa kuwa ule ule.

Nimesikia ukibadilisha asilimia 30 ya bidhaa ya mwingine unakuwa salama. Ni kweli?

Si kweli. Hakuna sheria ya asilimia, na imani hii imewagharimu watu wengi. Kipimo kinachotumika Ulaya, na kinachofanana na cha nchi nyingine nyingi, ni taswira ya jumla: mtumiaji anayezifahamu bidhaa za aina hiyo akiangalia vitu viwili, je, vinampa taswira ile ile? Mtumiaji huyo si mhandisi, wala si mnunuzi anayepita tu. Ni mtu anayezijua bidhaa hizo na anayeziangalia kwa makini.

Uhuru wa mbunifu nao huhesabiwa. Rimu ya gurudumu lazima iwe ya mviringo na ikae kwenye ekseli, kwa hiyo nafasi ya kubuni imebaki kwenye spoki, na hata tofauti za wastani hapo zinaweza kutosha. Chombo cha maua kinaweza kuwa na umbo lolote. Ukikisogeza kidogo tu kutoka kwenye cha mwenzako, hutaeleweka.

Umbo la bidhaa yangu limetokana na kazi inayofanya. Nitakataliwa?

Sehemu ambayo umbo lake limeamuliwa na kazi peke yake hailindwi. Wabunifu wengi hujitetea kwamba "lingeweza kutengenezwa kwa maumbo mengine pia". Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya DOCERAM iliyohusu pini za kauri za kuchomelea, ilisema kuwepo kwa maumbo mbadala si jibu la kutosha. Swali ni kama mbunifu alifikiria chochote zaidi ya kazi.

Kwa hiyo tunza michoro ya awali inayoonyesha uliamua mpindo au uwiano fulani kwa sababu ya sura. Barua pepe ya mbunifu inayosema "mkunjo huu unaifanya ionekane nyepesi" ina thamani siku ya kesi.

Sehemu zinazolazimika kuwa na umbo fulani ili ziingiane na kifaa kingine, kama plagi na soketi, nazo Ulaya haziingii kwenye ulinzi. Vipande vya mfumo wa kuunganishwa na kupangwa kwa namna nyingi, mfano matofali ya kuchezea, vina msamaha wake.

Sehemu iliyo ndani au chini ya bidhaa inasajiliwa?

Ulaya, sehemu ya bidhaa inayoundwa kwa vipande vingi inalindwa ikiwa inaonekana wakati wa matumizi ya kawaida. Mwaka 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa uamuzi kuhusu upande wa chini wa tandiko la baiskeli. Ilieleza kwamba matumizi ya kawaida hayaishii kwenye kuendesha. Yanajumuisha pia mambo ya kabla na baada ya hapo, kama kuhifadhi na kusafirisha. Nchi nyingine hazina sharti hili au zinalitumia kwa namna tofauti, hivyo kabla ya kuitupa sehemu ya ndani ya bidhaa yako, angalia sheria ya nchi unayoilenga.

Vitu gani havisajiliwi kabisa?

Vinavyokwenda kinyume na maadili au utaratibu wa umma, na vinavyotumia bila ruhusa bendera na nembo za taifa. Umbo lenye alama ya biashara ya mtu mwingine laweza kubatilishwa.

## Siri na tarehe

Nimeshaweka picha za bidhaa mtandaoni. Nimechelewa?

Pengine bado, lakini saa inakimbia. Nchi kadhaa zina muda wa hisani, yaani kipindi ambacho kujitangaza kwako mwenyewe hakuhesabiwi dhidi yako. Umoja wa Ulaya, Uingereza, Marekani, Japani na Korea Kusini hutoa miezi 12. China inatoa miezi 6, tena kwa mazingira machache sana, na kuposti picha ili kuuza hakumo humo. Ziko nchi zisizotoa chochote. Mkataba wa Riyadh kuhusu sheria ya miundo, uliopitishwa Novemba 2024, unataka miezi 12 iwe kanuni ya pamoja, lakini unahitaji kwanza kuridhiwa na nchi 15.

Mfano unaofaa kuukumbuka ni wa Puma. Desemba 2014 picha za mwimbaji Rihanna akiwa amevaa viatu vya kampuni hiyo ziliwekwa Instagram. Puma iliomba usajili wa kiatu mwaka 2016, zaidi ya miezi 12 baadaye. Machi 2024 Mahakama Kuu ya Umoja wa Ulaya ilithibitisha kwamba usajili ulikuwa batili, kwa sababu ukizikuza picha zile, soli nene na maelezo mengine ya kiatu vilionekana vya kutosha. Hapakuwa na tangazo rasmi la bidhaa. Mtu alikuwa amevaa viatu tu.

Ushauri wetu ni mmoja: wasilisha ombi kwanza, posti baadaye. Muda wa hisani ni wa kujiokoa, usiufanye kuwa mpango wa kazi. Ukiutegemea wa nchi moja, unaweza kuwa umeshazipoteza nchi nyingine zote zisizokuwa nao.

Kumwonyesha mtengenezaji wa kalibu au mwekezaji ni kutangaza?

Si kutangaza ikiwa yuko chini ya wajibu wa kutunza siri. Wajibu huo ukiwa wa maandishi, uliosainiwa kabla hujatuma faili la kwanza, utaweza kuuthibitisha. Maonyesho ya biashara ni jambo jingine: kuweka bidhaa kwenye meza ya maonyesho ni kutangaza, hata kama hukuuza hata moja.

Nitajuaje kama muundo wangu haujawahi kusajiliwa?

Anza na hifadhidata ya miundo ya dunia ya WIPO (Shirika la Miliki Bunifu Duniani) na ile ya DesignView ya ofisi ya Ulaya, zote za bure. Tafuta kwa daraja la Locarno (tazama swali lake hapa chini), kwa sababu majina ya bidhaa hubadilika kutoka lugha hadi lugha. Kisha tafuta kwa picha mtandaoni na kwenye katalogi za wauzaji. Miundo mingi inayoua sifa ya kuwa mpya haikusajiliwa popote, iliuzwa tu. Kumbuka pia kwamba maombi yaliyoahirishwa kutangazwa hayaonekani kwenye hifadhidata yoyote, hivyo utafutaji mzuri hupunguza hatari lakini hauiondoi.

## Kuandaa ombi

Ombi linakuwa na vitu gani?

Jina na anwani ya mwombaji, jina la bidhaa, picha au michoro, daraja la bidhaa, jina la mbunifu pale sheria inapolitaka, hati ya wakala kama yupo, na ada. Nchi nyingine hutaka pia maelezo mafupi. Tarehe ya kuwasilisha ndiyo inayobeba kila kitu. Picha zisiposomeka au mwombaji asipotambulika, ofisi inaweza kukunyima tarehe hiyo mpaka urekebishe.

Picha ziweje?

Hapa ndipo maombi mengi yanapoharibika, na ndipo tunapokuomba utumie muda mwingi kuliko popote. Kinacholindwa ni kile kinachoonekana kwenye picha. Bidhaa iliyoko dukani haitakuja kukutetea.

Kawaida inayokubalika ni mitazamo saba: mbele, nyuma, kushoto, kulia, juu, chini, na mmoja wa mshazari unaoonyesha pande tatu kwa pamoja. Kila mtazamo uwe kwa kipimo kile kile, juu ya mandhari tupu, bila mkono wa mtu, bila vipimo, bila mishale wala maandishi ya kueleza. Usichanganye picha za kamera na michoro katika muundo mmoja.

Kisha kagua kama mitazamo inakubaliana. Tuseme ni birika. Kwenye mtazamo wa mbele mdomo uko kushoto, basi kwenye mtazamo wa nyuma lazima uwe kulia. Kifundo cha mfuniko kinachoonekana kwa juu lazima kionekane pia kwa pembeni, kwa urefu ule ule. Mpini ukiwa na kona kali kwenye mchoro mmoja na mpindo laini kwenye mwingine, mkaguzi wa Marekani atasema haijulikani unadai nini na kukataa ombi. Kwenye ofisi zisizokagua, kosa hilo litapita kimya na kukusubiri mahakamani.

Mistari ya vipande vipande kwenye michoro ina kazi gani?

Inaonyesha sehemu usiyoidai. Ukitaka kulinda mpini wa birika peke yake, chora mpini kwa mistari kamili na birika lililobaki kwa mistari ya vipande. Anayeiga mpini na kuuweka kwenye birika la umbo jingine atakuwa bado amekukosea. Lakini kadiri unavyodai kidogo ndivyo unavyodai kwa upana, na ndivyo uwezekano wa kukutana na kitu cha zamani unavyoongezeka. Wenye bajeti huwasilisha vyote viwili: bidhaa nzima, na ile sehemu yenye sura ya pekee.

Nitumie michoro ya mistari au picha za kompyuta zenye vivuli na rangi?

Kesi ya sanduku la watoto la Trunki, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza Machi 2016, inajibu vizuri. Mwenye usajili aliwasilisha picha za kompyuta za rangi ya kijivu, zikiwa na magurudumu na mikanda iliyoonekana kwa rangi tofauti na mwili wa sanduku. Mahakama iliona kwamba tofauti hiyo ya rangi, na ukosefu wa urembo juu ya uso, ni sehemu ya kile kilichosajiliwa. Mshindani aliyekuwa ameweka urembo wa wanyama na wadudu akashinda, ingawa mahakama yenyewe ilikiri kwamba wazo la sanduku lile lilikuwa la werevu.

Basi kama unachokijali ni umbo, tumia michoro ya mistari, bila rangi. Kama rangi na urembo ndivyo vinavyouza, wasilisha ya rangi. Kama vyote ni muhimu, fanya usajili zaidi ya mmoja.

Daraja la Locarno ni nini?

Ni orodha ya kimataifa, iliyotokana na makubaliano ya mwaka 1968, inayogawa bidhaa katika madaraja 32. Fanicha ziko daraja la 6, vifungashio la 9, taa la 26, nembo na urembo wa nyuso la 32. Kazi yake kubwa ni kupanga na kutafuta. Ulaya daraja haliamui mipaka ya ulinzi wako, wakati katika nchi nyingine jina la bidhaa uliloandika lina uzito mkubwa, kwa hiyo liandike kwa uangalifu.

Nani anapaswa kuwa mwombaji?

Kwa kawaida muundo wa mwajiriwa aliyeubuni akiwa kazini ni wa mwajiri. Tatizo liko kwa mbunifu wa kujitegemea. Kumlipa hakuhamishi haki, na katika nchi nyingi inabaki kwake mpaka asaini hati ya kuihamisha. Ipate hati hiyo kabla ya kuomba, maana ombi lililotolewa na asiye na haki linaweza kubatilishwa hata baada ya miaka.

Ofisi hukagua nini?

Marekani na Japani hukagua kama muundo ni mpya kabla ya kuukubali. Ofisi ya Umoja wa Ulaya hukagua taratibu na makatazo machache, haitafuti kama kuna kinachofanana. Usajili wa aina hii hupatikana haraka, lakini cheti chake hakijapimwa. Atakayekupima ni mshindani utakayemshtaki, kwa kuomba usajili wako ubatilishwe.

Nikigundua kosa baada ya kuwasilisha, naweza kubadilisha picha?

Makosa madogo, ndiyo. Chochote kinachobadilisha mwonekano, hapana. Itabidi ombi jipya, lenye tarehe mpya.

## Nchi nyingine

Usajili wa nchi moja unafanya kazi dunia nzima?

Hapana. Ila Mkataba wa Paris wa 1883 unakupa haki ya kipaumbele ya miezi 6: ukiomba katika nchi moja mwanachama, una miezi 6 ya kuomba kwingine huku ukihesabiwa kwa tarehe ya ombi la kwanza. Hataza zina miezi 12, na watu huzichanganya mbili hizi. Wakigundua, wamepitwa.

Njia ya pili ni mfumo wa Hague unaosimamiwa na WIPO: ombi moja, lugha moja, nchi nyingi. Linaweza kubeba hadi miundo 100 ikiwa yote ni ya daraja moja la Locarno. Marekani na Japani walijiunga mwaka 2015, China mwaka 2022. Kila nchi uliyoitaja bado inaweza kukataa kwa sheria yake, kwa hiyo michoro iandae kwa kiwango cha nchi kali zaidi kwenye orodha yako.

Naweza kusajili bila muundo kuonekana hadharani mara moja?

Mara nyingi, ndiyo, kwa kuomba kuahirisha kutangazwa. Umoja wa Ulaya unaruhusu hadi miezi 30. Chini ya Hague kikomo pia ni miezi 30, lakini nchi isiyoruhusu kuahirisha, au yenye kikomo kifupi, huathiri ombi zima.

## Baada ya kusajiliwa

Ulinzi unadumu miaka mingapi?

Mkataba wa TRIPS, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu miliki bunifu, unataka angalau miaka 10. Umoja wa Ulaya na Uingereza hutoa vipindi vya miaka 5 hadi kufika 25. Japani ni 25 tangu kuomba, China 15 tangu kuomba, India 10 na nyongeza ya 5. Marekani ni 15 tangu kutolewa, bila ada za kuhuisha. Ukipitisha tarehe ya kulipa, Mkataba wa Paris unazitaka nchi wanachama zikupe angalau miezi 6 ya kulipa pamoja na nyongeza. Baada ya hapo, kurudishiwa haki ni vigumu.

Vipuri vya matengenezo vinaruhusiwa kutengenezwa na wengine?

Ulaya, sehemu inayotumika kurudisha sura ya awali ya bidhaa, kama paneli ya gari, haizuiwi na usajili inapotumika kwa matengenezo tu, mradi mnunuzi ajulishwe nani ameitengeneza. Nchi wanachama ambazo zamani zililinda vipuri hivyo zimepewa hadi Desemba 2032 kwa miundo iliyoombwa zamani. Nje ya Ulaya, sheria zinatofautiana sana.

Nimeboresha bidhaa baada ya kusajili. Toleo jipya linalindwa?

Linalindwa na usajili wa kwanza pale tu ambapo taswira yake ya jumla ni ile ile. Likiachana nayo, linahitaji ombi lake, na hapo usajili wako wa zamani unaweza kusimama dhidi yako: ukishatangazwa na muda wa hisani ukapita, unahesabiwa kama muundo wa zamani wa mtu yeyote. Japani ina utaratibu wa miundo inayohusiana unaomruhusu mwenye muundo mkuu kuongeza matoleo yanayofanana nao ndani ya miaka 10 tangu aombe ule wa kwanza. Kwingine, kama unajua toleo la pili linakuja, liwasilishe pamoja na la kwanza, au kabla la kwanza halijatangazwa.